Daftari Lililomo Damuni

Hotuba juu ya kisukari na shinikizo la damu, iliyosomwa na Kamati ya Elimu ya Wanachama katika mkutano wa maadhimisho ya miaka kumi ya Chama Kikuu



Wenzetu waliotangulia kusema wametoa hesabu ya magunia ya mahindi, ya marobota ya katani na ya korosho zilizopita ghalani mwetu tangu Chama kilipoandikishwa. Hesabu hiyo ni njema, nasi twaifurahia pamoja nanyi. Lakini Halmashauri imetuagiza tuseme juu ya hesabu nyingine, nayo ni ile ya miili ya watu walioyalima mashamba hayo.

Katika miaka hii kumi yako majina yaliyofutwa katika orodha ya wanachama. Baadhi ya wenye majina hayo walihama, na baadhi yao walikufa kwa uzee, jambo ambalo hatuna neno nalo. Lakini hapana katibu aliyeketi humu asiyemjua mwanachama aliyeanguka shambani akainuliwa hawezi mkono wa kuume wala kutamka jina lake, au mama aliyekatwa mguu kwa kidonda kilichoanza kama mchubuko wa kiatu, au baba aliyeuza ng'ombe kisha akauza shamba ili figo zake zifanyiwe kazi na mashine mara tatu kwa juma, saa nne kila mara, katika mji ulio mbali na kwao. Hatutawataja, maana jamaa zao wamo humu. Twataka tu kusema ya kwamba katika wengi wa hao mauti hayakuja ghafula. Yaliandikwa damuni miaka mingi kabla, na hapakuwa na mtu aliyelifungua daftari akasoma.

Zamani iliaminika kwamba kisukari ni ugonjwa wa watu wa mjini wenye kukaa vitini, na dhana hiyo haikuwa upuzi. Mwaka 1989 marehemu Profesa Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walitoa habari za uchunguzi uliofanywa katika vijiji sita vya mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, na waliokutwa na kisukari walikuwa chini ya mtu mmoja katika kila watu wazima mia. Miaka 23 baadaye, yaani mwaka 2012, Tanzania Bara ilifanya uchunguzi wa nchi nzima wa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Safari hii waliokuwa na kisukari walikaribia watu 9 katika kila mia, na wenye shinikizo la juu la damu walikuwa kiasi cha mmoja katika kila wanne. Uchunguzi huu wa pili haukufanywa kwa namna ile ile ya wa kwanza, kwa hiyo si haki kuziweka hesabu hizi mbili katika mzani mmoja kana kwamba ni mazao ya shamba moja. Hata hivyo, asiyeona kwamba mambo yamegeuka ni yule asiyetaka kuona.

Magonjwa haya mawili hupenda kukaa nyumba moja. Shinikizo huipiga mishipa kwa nguvu na sukari huichakaza kwa ndani. Mishipa inayoathirika upesi ni ile membamba, nayo imo machoni, katika figo na katika nyayo za miguu. Mishipa minene ya moyo na ya ubongo huja nyuma. Na katika kazi hiyo yote mtu hasikii maumivu. Huamka, hulima, hula, na kila akiulizwa hali husema njema. Ndiyo maana damu yapasa kuulizwa, kwa sababu mwenyewe hana habari.

Swali la kwanza ni la sukari yenyewe. Mtu huchomwa kidole, tone moja likatiwa katika kijikaratasi, na mashine ndogo ikatoa tarakimu. Akiwa hajala tangu jana yake na tarakimu ikawa 7 au zaidi, na siku nyingine ikawa hivyo tena, ana kisukari. Kipimo hicho ni chepesi na ni cha kweli, lakini ni cha saa ile tu. Ni kama kupima gunia moja siku moja na kudai umeijua ghala nzima. Tena wako wanachama wetu, nao wanajijua, ambao siku tatu kabla ya kliniki huacha chai ya sukari na kujinyima ugali, wakafika kwa Bwana Mganga wakiwa na tarakimu nzuri ya kusifiwa. Wakirudi nyumbani hurudi pia katika mazoea yao.

Kwa watu wa namna hiyo, na hata kwa wasio na hila, kiko kipimo kingine ambacho katika karatasi za hospitali huandikwa HbA1c. Chembe nyekundu ya damu huishi karibu siku 120, na ndani yake mna kitu kiitwacho hemoglobini, ndicho kibebacho hewa safi. Sukari iliyomo damuni hujigandisha katika hemoglobini hiyo, na ikishaganda haibanduki mpaka chembe ife. Kwa hiyo mpima damu akitazama ni sehemu gani ya hemoglobini iliyoshika sukari, ameona hali ya miezi miwili mitatu iliyopita. Hilo ndilo daftari la ghala. Kufunga kwa siku tatu hakuwezi kulifuta.

Aliyefungua mlango wa jambo hili alikuwa mganga wa Tehran, Samuel Rahbar, ambaye mwaka 1968, alipokuwa akichunguza aina za hemoglobini za watu, aliona katika damu ya wagonjwa wa kisukari alama asiyoitazamia. Baadaye uchunguzi mkubwa wa Uingereza, ulioanza mwaka 1977 kwa wagonjwa wapya zaidi ya 5,000, ulionyesha faida yake. Hesabu zake zilizotolewa mwaka 2000 zilionyesha ya kwamba kila asilimia moja ya HbA1c iliyopungua ilikwenda pamoja na kupungua kwa maradhi ya mishipa membamba, yale ya macho na ya figo, kwa 37 katika mia, na vifo vilivyoambatana na kisukari kwa 21 katika mia. Hatujui pembejeo yoyote ya shambani iletayo mavuno kama hayo.

Basi hapo ndipo wenzetu kadhaa walipoleta shauri kwamba Mfuko wa Jamii wa Chama ununue mashine ya HbA1c na kuiweka Korogwe, ili kila mwanachama apimwe mara mbili kwa mwaka. Shauri hilo tumelifikiri kwa heshima yote, maana limetoka kwa watu wema. Lakini hatukukubaliana nalo, nasi yatupasa kueleza kwa nini.

Daftari ni zuri maadam kurasa zake hazichanwi, na katika nchi yetu kurasa huchanwa. Malaria huziua chembe nyekundu kabla ya siku zake. Mtu aliyetoka kuugua malaria kali, au aliyeongezewa damu, anazo chembe changa ambazo hazijakaa na sukari muda wa kutosha, na kipimo chake kitasoma chini ya ukweli. Kinyume chake, mama aliyepungukiwa na madini ya chuma, kama walivyo akina mama wengi wa kwetu wenye kuzaa mfululizo, kipimo chake chaweza kusoma juu ya ukweli, akaambiwa ana kisukari hali hana.

Tena liko jambo la selimundu. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alionyesha ya kuwa mtu aliyerithi chembe za selimundu kwa mzazi mmoja tu hapati ugonjwa wenyewe, bali hupata kinga dhidi ya malaria. Kwa hiyo chembe hizo zimeenea katika nchi za mbu, na bonde la Pangani na nyika ya Uzigua ni nchi za mbu tangu kale. Sasa sikilizeni mwisho wa habari hii. Mwaka 2017 uchunguzi uliofanywa Marekani miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika ulionyesha kwamba wenye urithi huo, ijapokuwa sukari yao ya asubuhi ni sawa na ya wenzao, HbA1c yao husoma chini kwa kiasi cha sehemu tatu za kumi za asilimia. Huenda ikaonekana kitu kidogo. Lakini mpaka wa kusema huyu anacho na huyu hanacho ni asilimia 6.5, na karibu na mpaka sehemu tatu za kumi zatosha kumrudisha mgonjwa nyumbani akiwa ameambiwa ni mzima. Kinga aliyoachiwa na babu zake imemfichia adui mwingine.

Hatusemi kipimo hicho ni kibaya. Twasema kisomwe na mtu anayejua kuwa mgonjwa ametoka Kwamsisi au Magoma, wala hakutoka London, na kisomwe pamoja na tarakimu za kidoleni. Zikipingana, asiamini moja akaitupa nyingine, bali aulize sababu. Wala mtu asishindane kuiteremsha HbA1c chini kabisa kama anayeshindana mbio. Mwaka 2008 uchunguzi wa Marekani na Kanada ulisimamishwa katika sehemu yake moja, kwa kuwa wagonjwa waliolazimishwa kufika chini ya asilimia 6 walikufa zaidi kuliko wenzao. Mzee anayemeza vidonge vya kuteremsha sukari kisha akaenda shambani alfajiri bila kula, akaishiwa sukari huko mbali na watu, yumo hatarini saa ile ile, wala hangoji miaka kumi.

Tuje katika figo, ambako twaona elimu yetu ni haba kuliko pengine pote. Figo ni chekeche. Damu yote hupita hapo, takataka zikatoka na mkojo, na vyenye manufaa vikabaki. Moja ya takataka hizo ni kreatinini, itokayo katika misuli. Chekeche likiziba, kreatinini hujaa damuni, na maabara huipima. Lakini figo zina akiba kubwa, na mtu aweza kupoteza kiasi cha nusu ya nguvu zake kabla ya tarakimu ya kreatinini kupita mpaka. Tena kwa kuwa hutoka katika misuli, kijana mkata mkonge mwenye mikono kama magogo aweza kusoma juu naye ni mzima, na bibi kizee aliyekonda aweza kusoma vizuri na figo zake zimekwisha. Ndiyo maana waganga hufanya hesabu kwa umri na kwa jinsia.

Juu ya hesabu hiyo pana kisa ambacho wakulima watakielewa upesi. Tangu mwaka 1999 hesabu iliyotumika sana Marekani, nayo ilisambaa hata kwingineko, ilikuwa ikimwongezea mtu mweusi karibu sehemu moja ya tano, kwa dhana kwamba misuli yake ni mingi. Maana yake figo zake zilionekana nzima kuliko zilivyo, na matibabu yakachelewa. Ulikuwa mzani uliotiwa jiwe. Mwaka 2021 jiwe hilo liliondolewa. Mwanachama akipewa hesabu ya figo iliyofanywa kwa kanuni ya kale, ana haki ya kuomba ifanywe upya, na asione haya kuomba, maana kwenye mzani wa korosho haoni haya.

Kabla kreatinini haijapanda, chekeche lenyewe hutoboka, na kitu kiitwacho albumini, ambacho chapasa kubaki damuni, huvujia katika mkojo. Hiyo ndiyo dalili ya mapema kwa wengi wa wenye kisukari na shinikizo. Katika mkojo wa mtu mzima albumini haifiki milligramu 30 kwa kila gramu ya kreatinini, na ikizidi hapo kwa miezi mitatu, figo zimeanza kuumia. Kijiti cha kawaida cha kuchovya hakioni kiasi kidogo kama hicho, huona kikishakuwa kingi, lakini kuona kwa kuchelewa ni afadhali kuliko kutoona. Na hapa tena nchi yetu ina la kusema: homa, kichocho na maradhi ya njia ya mkojo nayo yaweza kuleta albumini. Basi kipimo kirudiwe mgonjwa akiwa amepona hayo, ndipo neno litolewe.

Albumini ikithibitika, iko dawa. Mwaka 1993 dawa iitwayo kaptopurili, ambayo wataalamu waliiunda kwa kufuata mfano wa sumu ya nyoka mmoja wa Brazili, ilionyeshwa kuwa kwa wenye kisukari wanaotumia insulini na ambao figo zao zimekwisha kuumia, hupunguza kwa nusu hatari ya kufa au kufikia mashine. Dawa za jamaa hiyo hazifai kwa mama mjamzito, na anayezianza hana budi kupimwa tena damu baada ya majuma machache, itazamwe kreatinini na madini ya potasiamu, kwa maana yakipanda sana moyo waweza kusimama. Dawa hizi si za kuazimana majirani, na hilo twalisema kwa kuwa twajua ya kwamba zinaazimwa.

Miguu haionekani damuni, lakini hatuwezi kuiacha. Sukari ikikaa juu miaka mingi huua mishipa ya fahamu, na nyayo zikawa kama za kuazima. Mganga Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake walieleza mwaka 2005 habari za wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni usiku wakiwa wamelala, wasijue mpaka walipoona damu asubuhi. Mara ya kwanza tulipozisoma habari hizo tulifikiri juu ya nyumba zetu, ambamo mahindi huwekwa chumba kimoja na kitanda. Mwenye kisukari na alale mbali na nafaka, na kila jioni atazame nyayo zake, au atazamiwe na mjukuu.

Sasa turudi kwenye fedha za Mfuko. Katika uchunguzi ule ule wa Uingereza, wagonjwa 1,148 wa kisukari waliokuwa pia na shinikizo waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilitunzwa kwa ukali hata shinikizo likawa kwa wastani 144 kwa 82, na la pili likakaa 154 kwa 87. Tofauti ni kumi tu kwa juu na tano kwa chini. Baada ya miaka minane na zaidi, lile fungu la kwanza lilikuwa limepata kiharusi pungufu kwa 44 katika mia. Na tusidhani kiharusi ni cha Ulaya. Uchunguzi uliofanywa Hai na Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006 ulionyesha kwamba Dar es Salaam kiharusi huwapata watu kwa wingi kuliko ilivyo katika nchi nyingi tajiri.

Kwa hiyo shauri la Kamati ni hili. Kabla ya mashine moja ya HbA1c kuketi mjini ikingoja watu wenye nauli, kila chama cha msingi, toka Mkata na Kabuku hata Mombo na Bungu, kipewe mashine ya kupimia shinikizo, ya mkononi, yenye mifuko ya mikono minene na ya mikono myembamba, pamoja na mashine ya tone la kidole na kopo la vijiti vya mkojo. Gharama kubwa si mashine. Ni vijikaratasi na vijiti, ambavyo huisha na huharibika kwa unyevu, navyo tumevitia katika makisio ya kila mwaka. Atakayeonekana na kasoro apewe barua aende hospitali ya wilaya, Handeni au Magunga, na huko HbA1c, kreatinini na lehemu zipimwe na wenye ujuzi. Fedha zitakazobaki zilipie nauli na vipimo vya wasioweza. Wako watakaosema kazi hiyo ni ya Serikali. Ni kweli ni ya Serikali, na dawa na waganga twavitazamia kutoka huko; lakini anayejua siku ambayo watu wote wa kijiji hukutana mahali pamoja ni Chama, nayo ni siku ya malipo.

Wako pia wanaoogopa kutolewa damu. Habari za mumiani tulizisikia sote utotoni. Lakini watu wa Korogwe si wageni wa jambo hili: tangu mwaka 2009 watoto wao walikuwa miongoni mwa watoto wa nchi saba za Afrika walioingizwa katika majaribio makubwa ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, na wazazi wao waliona kwa macho damu ikichukuliwa kidogo, ikapimwa, na majibu yakarudi. Tarakimu za mwanachama zitaandikwa katika kadi yake mwenyewe, akae nayo mwenyewe. Hazitabandikwa ukutani pamoja na madeni ya mbolea.

Hoja iko mbele ya mkutano, Bwana Mwenyekiti, nayo imechapwa nyuma ya karatasi ya makisio. Ikipita, makatibu watuletee majina ya wanachama wawili wawili, mwanamume na mwanamke, wanaojua kusoma na wenye kutunza siri, wafundishwe kupima kabla ya mvua za vuli. Siku ya kupimwa mtu aketi kimya dakika tano kwanza, asiwe ametoka kuvuta tumbaku wala kunywa kahawa. Na wale ambao tayari wana dawa wazimeze asubuhi hiyo kama desturi, wala wasijinyime chakula siku tatu kwa ajili yetu.